Mtindi wa Saa Ishirini na Nne

Kafedha alipoambiwa na binti yake kwamba maziwa yana sukari, alicheka. Alikuwa kwenye cherehani yake hapo Changamwe, akishona sare za shule, simu ameibana kwa bega, akacheka mpaka Linda akakasirika huko Doha aliko. Maziwa yana sukari? Ya ng'ombe gani huyo? Lakini Linda alikuwa akifanya kazi jikoni kwenye hoteli, na huko wageni wenye sukari hupikiwa vyao mbali, kwa hiyo alijua anachokisema. Maziwa yana sukari yake ya kuzaliwa nayo, alimwambia mamake. Ukiyagandisha kwa saa nane, nyingi inabaki humo humo. Ukiyaacha saa ishirini na nne, vile vijidudu vinavyoyagandisha huila karibu yote. Halafu unayachuja, maji yanatoka na sehemu ya kilichosalia, na unachopata ni kitu kizito ambacho baba anaweza kula bila kuogopa.

Baba mwenyewe hakuwa akicheka. Mwarandu alikuwa dereva wa lori la mafuta, akipakia Changamwe na kuyafikisha Malaba, mara nyingine Kampala, miaka kumi na tisa bila ajali. Mwezi wa Januari alianza kunywa maji yasiyomtosha, na kila baada ya kilomita ishirini asimamishe lori ashuke. Akaenda kupimwa, na ili asionwe na mtu alivuka feri mpaka kliniki moja ya Likoni ambako hakuna amjuaye. Wakamwambia sukari yake ni kumi na saba. Wakampa vidonge na karatasi ya vyakula, na karatasi hiyo aliikunja mara nne akaitia chini ya godoro.

"Mama Linda, neno hili lisitoke nje ya chumba hiki," alimwambia mkewe. "Umemwona Boga?"

Kila mtu alikuwa amemwona Boga. Alikuwa dereva kama Mwarandu, akazirai siku moja mbele ya meneja, ikajulikana ana sukari, akanyang'anywa funguo. Sasa alikuwa akikaa langoni mwa kampuni na daftari, akiandika namba za malori aliyokuwa akiyaendesha mwenyewe.

"Mimi si mtu wa kukaa langoni," Mwarandu alisema.

Kafedha akaahidi, na Kafedha akiahidi ameahidi. Kanisani wagonjwa walipotajwa waombewe, hakufungua mdomo. Bombani wanawake walipoanza kuhesabu maradhi yao, huyu presha, yule mgongo, yeye alijitwika ndoo ikiwa nusu akaenda zake, kwa kuogopa kwamba uso wake utasema kabla ya ulimi. Watu wakaona anaringa. Wakasema tangu mtoto wake aende Doha hataki tena kuzungumza na wenziwe. Aliyasikia hayo na yakamuuma, akayameza.

Sufuria ya presha ya stima aliyoituma Linda ilikuja mwezi wa Februari ndani ya sanduku la msichana aliyekuwa akirudi likizo, imefungwa kwa mabuibui isivunjike. Kafedha aliiweka mezani siku mbili bila kuigusa. Ilikuwa na vitufe vingi kuliko redio. Linda akamfundisha kwa simu, hatua kwa hatua, naye akaishika kazi hiyo kama alivyoishika cherehani zamani, kwa woga kwanza na kisha kwa ubishi.

Alinunua lita mbili za maziwa kwa muuza maziwa wa asubuhi, akayachemsha humo humo, akakitoa chungu cha ndani na kukiweka kwenye beseni la maji yapoe. Akatia kidole kidogo kilichooshwa vizuri. Ukiweza kuhesabu mpaka kumi bila kukitoa, tayari. Hapo ndipo unapotia vijiko viwili vya mbegu, yaani mtindi mwingine usiotiwa kitu, ukakoroga taratibu, ukafunika, ukabonyeza kitufe cha yogati na kuweka saa ishirini na nne. Mara ya kwanza mbegu aliyonunua ilikuwa ya vanila, na Linda akamwamuru amwage yote. Mara ya pili stima ilikatika saa ya kumi na saba. Mwarandu alikuwa safarini, kwa hiyo Kafedha aliifunga sufuria kwa blanketi mbili akailaza upande wa mumewe kitandani, akaikumbatia. Mara ya tatu mtindi ulitoka. Aliutia kwenye kitambaa cha marekani kilichobaki katika kushona, akaufunga fundo na kuuning'iniza ndani ya friji juu ya bakuli, mpaka yale maji ya kijanikijani yakaacha kudondoka. Lita mbili zilibaki kitu kisichojaa hata kopo la kilo.

Ulikuwa mkali. Mwarandu aliuonja akafumba jicho moja.

"Huu ni mtindi au ni chokaa?"

"Ni dawa. Kula."

Akala. Alikula kila siku aliyokuwa nyumbani, na akisafiri alibeba kopo lake kwenye jokofu dogo la lori. Sukari na unga mweupe Kafedha aliviondoa nyumbani kabisa. Baada ya mwezi mmoja alipimwa tena Likoni, kumi na mbili. Kafedha alifunga mlango akacheza peke yake.

Kisha Ramadhani ikaingia.

Nyumba za mstari ule zilipangana mlango kwa mlango, ukikohoa jirani anakwambia pole. Jirani wa ukuta mmoja na Kafedha alikuwa Mwanarehema, mjane, mzaliwa wa Mji wa Kale, ambaye alipika katika harusi nyingi kuliko alizoweza kuzikumbuka. Alikuwa amehamia mwaka ule tu, na jua lilipotua siku ya kwanza ya mfungo alikuja mlangoni na bakuli lililofunikwa.

"Hodi, Mama Linda. Futari hini, kidogo tu. Mufutari nasi japo hamufungi."

Ndani mlikuwa na kaimati zinazong'aa kwa shira, na tambi za nazi zilizopikwa zikakauka vizuri, na vipande viwili vya mkate wa sinia. Utamrudishaje mtu kama huyo? Utamwambia nini, hatuli? Kafedha alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaliweka mezani. Mwarandu alikuwa nyumbani.

Na sisi watu wa huku, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Kafedha alizaliwa Kaloleni katika nyumba ambayo mamake, siku asiyokuwa na kitu, alitia chumvi kiganja kimoja katika bakuli la jirani ndipo akalirudisha. Bakuli tupu ni tusi. Ni kumwambia mtu nimekula chako na sitaki ujirani. Kesho yake aliosha bakuli la Mwanarehema akatazama huku na huku, na nyumba nzima haikuwa na kitu cha kumpa mtu isipokuwa mtindi. Akachota vijiko sita vikubwa, akausawazisha juu, akaupeleka.

Siku ya tatu Mwanarehema alikuja na bakuli kubwa zaidi.

"Mama Linda, mtindi gani ule? Mzito kama malai, wallahi. Hukutia sukari?"

"Sikutia."

"Usitie. Huo huo ndio niutakao."

Ikawa hivyo. Bakuli likaja na kaimati, likarudi na mtindi. Likaja na vibibi vitamu vya mchele, likarudi na mtindi. Ramadhani ikaisha, Idi ikapita, na bakuli halikupumzika. Kafedha alikuwa sasa akipika lita nne badala ya mbili, na bado kopo la Mwarandu lilipungua.

Mwarandu naye, ambaye kwa miezi miwili alikuwa amekula mboga na samaki na chokaa yake bila kulalamika sana, alizaliwa upya. Alipokuwa nyumbani aliketi karibu na mlango saa ya magharibi. Mkewe alipomwambia aache, alikuwa na jibu, na jibu hilo ndilo litakalomkera Kafedha mpaka siku ya kufa.

"Si ulisema vile vijidudu vyala sukari?"

"Vyala sukari ya maziwa. Ndani ya sufuria."

"Na tumboni vimefunga saumu?"

Kafedha, Mungu amsamehe, alicheka. Alicheka kwa sababu ilichekesha, na kwa sababu ilikuwa siku nyingi hajamwona mumewe akifanya mzaha. Kicheko hicho Mwarandu alikichukua kuwa ruhusa. Tangu siku hiyo alikula kaimati sita, saba, kisha akashushia vijiko vitatu vya mtindi, akajipiga tumbo na kusema anafagia. Na kilicho kibaya zaidi ni kwamba Kafedha mwenyewe, usoni hakubali lakini moyoni, alianza kuamini kidogo. Alitaka kuamini. Alimwuliza Linda kwa kuzungukazunguka, na Linda akapiga kelele hata simu ikakoroma.

Basi akajaribu mengine. Alianza kuvila vitu hivyo yeye, kwa haraka, kabla mume hajatoka kuoga, na gauni zikambana. Siku moja alivimwaga vibibi vyote mtaroni nyuma ya nyumba, na alipotoka asubuhi akawakuta kuku wa Mwanarehema wakivigombania mbele ya Mwanarehema mwenyewe. Akasema bakuli lilimponyoka. Mwanarehema akampa pole, akampikia vingine siku ile ile.

Mwezi wa Julai kipimo kilikuwa kumi na tisa. Mwarandu alirudi kutoka Likoni akiwa amenuna.

"Mtindi wako haufanyi kazi," alisema. "Miezi yote hii nakunywa uchachu wa bure."

Neno hilo lilimchoma. Si uongo, lilimchoma kuliko kile kipimo chenyewe. Alirudi kwenye sufuria akajihukumu. Labda maziwa yana maji. Labda kidole chake kimekuwa sugu kwa sindano, hakisikii joto sawasawa. Labda stima inakatika yeye akiwa sokoni na hajui. Alianza kuacha saa thelathini badala ya ishirini na nne, mtindi ukawa mkali hata ulimi unakufa ganzi, na Mwarandu akala kaimati zaidi ili kuupooza.

Ndipo Kafedha akakata shauri. Aliosha bakuli la Mwanarehema, akalipangusa, akatoka nalo tupu. Hatua saba kutoka mlango hadi mlango. Mwanarehema alifungua na mikono yake imeshanyooka, akatazama ndani ya bakuli, akamtazama Kafedha.

"Kuna nini, Mama Linda? Nimekukosea?"

Hakusema kwa hasira. Macho yalimlegea kama ya mtoto aliyenyang'anywa, na Kafedha hakulielewa jambo hilo, mtu mzima kuumia hivyo kwa vijiko sita vya mtindi. Neno moja lingetosha. Mume wangu ana sukari. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini alimwona Boga langoni na daftari lake, na mke wa meneja wa kina Mwarandu alikuwa akipikiwa na Mwanarehema kwenye shughuli zake, na maneno huvuka nyumba upesi kuliko bakuli.

"Nimesahau tu," alisema. "Mtindi ulikuwa haujachujika. Ngoja."

Akarudi ndani. Katika friji mlikuwa na kopo moja, la safari ya Mwarandu. Akalichota lote. Mwarandu aliondoka alfajiri bila mtindi, na mpaka Kampala alikula chapati na chai ya maziwa, kama zamani.

Mwezi wa Septemba kampuni iliwagawia viatu vipya vya ngozi ngumu. Cha kulia kilimchubua kidole gumba, naye hakusikia, kwa sababu miguu yake ilikuwa imeacha kusikia kitu na hilo pia alilificha. Foleni ya Malaba ilikuwa ya siku nne. Aliporudi, Kafedha alisikia harufu kabla hajaona. Alimvua soksi, na soksi haikutoka peke yake.

Waliukata mguu chini ya goti. Daktari alisema wangewahi wiki mbili kabla wangepoteza kidole tu. Kampuni ilimtuma mtu na fomu, mtu mwenye adabu, aliyevua kofia. Mwarandu alimwuliza kuhusu lango. Yule mtu akaeleza, kwa upole, kwamba lango linataka mtu awezaye kusimama.

Majirani walikuja wote. Siri ilikuwa imefia hospitali, sasa kila mtu alisema sukari kwa sauti yake ya kawaida, nayo nyumba haikubomoka. Hilo lilimuuma Kafedha pia. Aliyekosekana ni Mwanarehema, aliyekuwa ameitwa Lamu kupika harusi mbili. Alirudi siku ya kumi, akaja mchana huo huo na buibui la safari hajalivua, na kwa mara ya kwanza mikono yake haikuwa na kitu. Hakuingia chumbani. Aliketi barazani kwenye kigoda, akalia kwanza, kilio cha kweli cha mabega, ndipo akaweza kusema.

"Sukari, Mama Linda? Tangu lini?"

"Tangu Januari."

"Na mimi namletea kaimati." Alijifuta kwa ncha ya buibui. "Mbona hukunambia? Mimi ninayo mwaka wa tisa huu. Mtaa mzima wajua. Hapo bombani mimi ndiye msema sana, kila siku sukari yangu hivi, sukari yangu vile. Wewe tu hukai."

Kafedha aliziona zile ndoo zake nusu.

"Basi zile kaimati?" aliuliza.

"Mimi sizitii mdomoni. Hata shira humpa mwanangu Rahima anionjee." Mwanarehema aliteremsha sauti. "Nalikuwa nikizipika ili nipate mtindi wako. Ndicho chakula nilichopata kikanishibisha kisinipandishe. Nikawa usiku sili chengine. Na mtu hawezi kwenda kwa jirani kila siku kuomba, yuwaona haya. Nikasema, nikimpelekea kitu kizuri, bakuli halitarudi tupu. Na siku ile lilipokuja tupu, roho ilinipasuka."

"Ukapimwa?"

"Mama Linda, tuyaache hayo."

"Nakuuliza, ukapimwa?"

"Nalikuwa kumi na tano. Kwa vidonge vyangu na mtindi wako, nimepimwa juzi Lamu." Akakisema kama mtu anayeungama wizi. "Sita."

Kafedha alitaka kumchukia. Alitafuta pa kumshika, huyu mwanamke aliyekaa miezi mitano akisimama juu ya mafuta ya moto akipika vitu asivyoweza kuvila, na hakupaona. Kilichomjia badala yake kilikuwa kibaya kuliko chuki. Ilikuwa ni fahari. Maziwa yalikuwa sawa. Kidole chake kilikuwa sawa. Saa zilikuwa sawa, na lile blanketi, na kile kitambaa cha marekani. Mtindi wake ulikuwa umefanya kazi yake yote kama Linda alivyosema, hatua saba kutoka kwa mtu aliyekusudiwa. Fahari hiyo ilimpanda kifuani mara moja, akaionea aibu, na ndiyo iliyomtoa machozi ambayo hakuyatoa hospitali.

"Basi ulikuwa unafanya kazi," alisema.

Mwanarehema alimshika mkono. Kisha kutoka chumbani, nyuma ya pazia, Mwarandu akaita, sauti yake imechangamka kuliko siku zote tangu arudi.

"Mama Linda! Ni Mama Rahima huyo nimsikiaye? Ametuletea nini?"

"Hakuleta kitu!" Sauti ilimtoka Kafedha kubwa kuliko alivyokusudia, ikafika nyumba zote za mstari ule. "Na hataleta! Una sukari, Baba Linda! Una sukari!"

Kitanda kikalia, Mwarandu akijigeuza kwa shida.

"Mguu si wameshaukata?" alisema. "Sasa waogopa nini tena?"

Kafedha alisimama, akalisogeza pazia.

"Una mwingine," alimwambia.